Viti vya plastiki vya 2009 bado vipo, vya juzijuzi vimepasuka: wanachanganya nini humo ndani?

#1 Mkodishaji_Mbagala
Wakuu, salaam.

Nakodisha viti, meza na maturubai kwa ajili ya shughuli hapa Mbagala. Nilianza 2009 na viti 150 vyeupe vyenye mikono. Mpaka leo ninavyo 60 na kitu, vimepauka lakini vinakaliwa. Mwaka 2022 nikaongeza 200, vya bluu na kijani. Jumamosi nimehesabu vizima vya hivyo vipya, nimepata 118.

Kilichonifanya niandike ni msiba wa wiki iliyopita. Mzee wa watu kakaa, hajajitikisa wala nini, mguu wa nyuma ukakatika "ta!" kama muhogo mkavu. Akaenda chini na kanzu yake mbele za watu. Hakuumia, namshukuru Mungu, ila nilikosa pa kuweka uso.

Nikakiokota kile kipande. Kiti ni cha bluu lakini pale kilipokatikia ni peupe kama chaki. Na hivi vinavyokaa juani, ukipitisha kidole kinatoka na unga. Mimi naamini wanachanganya chokaa. Wenye ujuzi wa viwandani njooni mnisaidie, nawasilisha.

#2 Kijana_wa_Gongo
Naweka kambi hapa. Nyumbani vimebaki viwili kati ya sita.

#3 Opereta_wa_Zamani
Mkuu, nimekaa kwenye mashine miaka 11 pale barabara ya Nyerere, kiwanda sitakitaja.

Kiti cha aina hiyo ni polipropilini. Kigeuze, chini ya kalio utaona pembetatu yenye namba 5. Malighafi inakuja kwenye magunia ya kilo 25, punje ndogo zinazopitisha mwanga kidogo, kama mchele uliooshwa. Unamwaga kwenye mdomo wa mashine pamoja na punje za rangi, tulikuwa tunaziita mastabechi, kama kilo 2 kwa kila kilo 100. Ndani kuna skrubu kubwa inazunguka kwenye silinda yenye moto wa nyuzi 220 hadi 240, punje zinageuka uji mzito. Skrubu inausukuma ule uji ndani ya kalibu kwa nguvu nyingi sana, kalibu inazungukwa na maji baridi, na kabla dakika haijaisha kiti kimetoka. Unakata kile kikonyo cha chini ya kalio, unapanga, unasubiri kinachofuata. Usiku kucha.

Chokaa ipo, wala si siri. Ila si ile ya kupakia ukuta. Ni kalsiamu kaboneti iliyosagwa laini kuliko poda ya mtoto, nayo inakuja ikiwa punje, imeshikwa na plastiki kidogo ili ichanganyike vizuri. Ukiweka kwa kiasi kiti kinakuwa kigumu, hakinesi ovyo, na hakisinyai sana kikipoa. Ikizidi, ndiyo huo muhogo wako mkavu.

#4 Mkodishaji_Mbagala
Kwa hiyo nimepatia.

#5 Mkemia_wa_Mtaa
Umepatia nusu, na ushahidi wako wote miwili hauthibitishi chokaa.

Kwanza ule weupe wa pale kilipokatika. Chukua kifuniko cha ndoo cha polipropilini, cha rangi, kikunje kwa nguvu. Pale penye mkunjo patakuwa peupe, hata kama hakuna chembe ya chokaa. Plastiki ikivutwa kupita uwezo wake inafunguka matundu madogo sana ndani, mwanga unatawanyika, jicho linaona weupe.

Pili, unga wa juu ya kiti. Huo ni jua. Polipropilini ina udhaifu wa kuzaliwa: kwenye mnyororo wake, kila baada ya kaboni moja kuna kaboni yenye tawi, na hapo ndipo mwale wa jua na oksijeni vinapopenyea. Mnyororo unakatika vipande vifupi. Ngozi ya juu inakauka, inapasuka mipasuko isiyoonekana kwa macho, kisha rangi na chochote kilichokuwemo kinabaki bila wa kukishika. Ndiyo hiyo unayoifuta kwa kidole. Inaweza ikawa chokaa, inaweza ikawa titani dayoksaidi ambayo ndiyo rangi nyeupe ya kawaida kwenye plastiki.

Kiwanda kinachojali kinaweka kinga ya jua ndani ya mchanganyiko. Ni kiungo cha kiasi kidogo mno, hakifiki hata asilimia moja, lakini ni ghali. Mhasibu akitafuta pa kupunguza gharama, macho yanaangukia hapo, kwa sababu siku ya kununua huwezi kuona kama kimo au hakimo. Mimi nasema viti vyako vya 2022 havina kinga ya jua.

#6 Baharia_Muscat
Namuunga mkono Mkemia. Huku Muscat tuna viti vya namna hiyo uani. Kilicholala nje majira mawili ya joto, ukikiegemea mgongo unabaki nao mkononi. Pacha wake aliyenunuliwa siku moja naye, yupo barazani kivulini, mzima. Duka moja, rangi moja.

#7 Fundi_Mizani
Swali kwa wanaosema chokaa. Chokaa ni nzito au nyepesi kuliko plastiki? Maana malalamiko ya kila mtu ni kwamba viti vya sasa ni vyepesi.

#8 Opereta_wa_Zamani
Swali zuri. Polipropilini haijafika uzito wa maji, ni kama gramu 0.9 kwa sentimita moja ya ujazo. Kalsiamu kaboneti ni 2.7, mara tatu. Kwa hiyo kalibu ileile ukiongeza chokaa, kiti kinatoka kizito zaidi. Kama cha sasa ni chepesi, basi ni chembamba. Kalibu yenyewe imechongwa upya ili itumie plastiki kidogo.

Mkodishaji, una mizani?

#9 Nakuru_Boy
Wadau, mnazunguka mbuyu. Hiyo ni plastiki iliyorudiwa. Huku kwetu vijana wanaokota mitungi, ndoo, vifuniko, kila kitu, wanauza kwa kilo, inapitishwa kwa krasha inakuwa chenga, chenga zinaoshwa na maji ya kijivu, zinarudi kiwandani. Angalia kiti kilichovunjika vizuri, utapata doa jeusi ama ya rangi nyingine ndani. Vya kijani kibichi na bluu nzito ndivyo vinafichia uchafu. Nyeupe haiwezi kufichia. Si ndio sababu vile vyeupe vya 2009 vinadumu?

#10 Opereta_wa_Zamani
Hapo kwenye rangi Nakuru_Boy umenigusa. Ni kweli, tulipokuwa na mzigo uliochanganyika tulikimbilia kahawia, kijani nzito au nyeusi. Nyeupe ilitaka malighafi mpya.

Lakini tusiitupie lawama yote plastiki iliyorudiwa. Kuna ya ndani ya kiwanda: vikonyo, viti vilivyotoka na kasoro, vyote vinasagwa siku hiyohiyo na kurudishwa kwa kiasi. Hiyo ni safi. Tatizo ni ya mtaani, ambamo polithini namba 2 ya dumu imejichanganya na namba 5. Kwa macho ni ndugu, lakini zikipoa pamoja hazishikani sawasawa, zinabaki tabakatabaka. Ukikiona kiti kinabanduka maganda kama kitunguu pale kilipokatika, ujue ni hiyo.

Na kila ukiyeyusha polipropilini unaikata minyororo kidogo. Ikipita kwenye moto mara nyingi, uji unakuwa mwepesi mno, unatiririka kama maji, na kiti kinakuwa dhaifu hata kama hakina uchafu.

#11 Mkulima_wa_Njombe
Nyie wa pwani mnalia na jua. Huku kwetu viti vinavunjika mwezi wa sita na wa saba, asubuhi, wakati wa baridi kali. Vilevile vikikaliwa mwezi wa kumi na moja havina shida. Joto letu si kali kama la Dar. Nielezeni hiyo.

#12 Mkemia_wa_Mtaa
Mkuu wa Njombe, hiyo nayo ni kweli. Polipropilini ya kawaida ikikaribia nyuzi sifuri inapoteza unyumbufu, inakuwa kama kioo. Kuna aina nyingine iliyounganishwa na ethilini kidogo, kopolima, inayovumilia baridi na vishindo vizuri zaidi. Betri za magari makasha yake ni ya hiyo. Viti vya bei ya chini vinatumia ile ya kawaida. Huku Dar hatuoni tofauti, ninyi mnaiona alfajiri.

#13 Mwalimu_wa_Hesabu
Naomba niharibu sherehe. Mkodishaji alianza na viti 150. Amebaki na 60 na kitu. Hao 90 walienda wapi?

Anavilinganisha vile vilivyonusurika na vipya vyote kwa pamoja. Viti dhaifu vya 2009 vilishavunjika kati ya 2009 na 2015, vikauzwa chakavu, vikasahaulika. Vilivyobaki ni vile imara peke yake. Ni sawa na kusema wazee wa zamani waliishi miaka mingi kwa sababu babu yako yuko hai. Tunatakiwa tujue: katika miaka mitatu ya kwanza, kati ya 150 vilivunjika vingapi?

#14 Mkodishaji_Mbagala
Mwalimu, nimeenda kufukua daftari. 2009 hadi 2012 nimeandika vilivyovunjika 11 na vilivyoibiwa 24. Wengi wa hao 90 ni wizi na kusahauliwa kwenye shughuli, si kuvunjika.

Na nimepima kwenye mizani ya duka la jirani. Cha 2009: kilo 2.6. Cha bluu: kilo 1.9. Cha kijani: kilo 2.3. Nimekaa nikaviangalia vile viwili vipya, bluu na kijani, vimetoka kiwanda kimoja na kalibu inaonekana moja, mpaka kovu la chini ya kalio linafanana. Sasa kijani kinamzidi bluu karibu gramu 400 kwa nini?

#15 Fundi_Mizani
HAPO SASA. Kalibu moja, ujazo mmoja, uzito tofauti. Kijani kina kitu kizito ndani.

#16 Opereta_wa_Zamani
Au bluu hakikujaa. Presha ikiwa ndogo au opereta akiharakisha, katikati ya mguu mnene panabaki uvungu. Kwa nje kiti kinaonekana kizima. Mimi mwenyewe nilishatoa viti vya hivyo usiku wa zamu ya pili, bosi anataka idadi. Nakiri hapa na inaniuma nikisoma habari ya yule mzee.

Na kuna jambo hatujaligusa: makutano. Uji unaingilia katikati ya kalio na kutawanyika. Kwenye mgongo wenye matundu ya urembo unagawanyika kuzunguka kila tundu, halafu mikondo miwili inakutana upande wa pili. Ikikutana imeshapoa, inagusana tu bila kuungana kwelikweli. Ukiinamisha kiti kwenye mwanga utaona mstari mwembamba kama unywele. Mgongo unapasukia hapo, malighafi iwe mpya au kuukuu.

#17 Bi_Sahani_Mombasa
Hamjambo wanangu. Niingilie kidogo, mimi nina biashara ya kukodisha vyombo. Sahani zangu za melamini zina miaka, zamwagiwa biriani yatokota, hazilegei. Lakini hizi bakuli nyingine za plastiki zikitiwa mchuzi wa moto zajipinda. Nazo si plastiki zote? Na juzi kijana wa mteja aliitia sahani yangu ndani ya maikrowevu, ikatoka na malengelenge. Nimdai?

#18 Mkemia_wa_Mtaa
Shikamoo Bibi. Mdai.

Plastiki ziko koo mbili. Ya kwanza ni kama sukari guru: ipashe moto inayeyuka, ipoze inaganda, irudie utakavyo. Viti, ndoo, dumu, chupa za maji, mabomba ya PVC, wote ni ukoo huo. Ya pili ni kama andazi. Ukishalichoma halirudi kuwa unga wala donge, ukizidisha moto linaungua tu. Melamini ni andazi.

Inatengenezwa hivi: melamini na fomaldehidi vinapikwa mpaka viwe resini, yaani gundi nzito, resini inachanganywa na selulosi safi, ile nyuzinyuzi ya mimea isiyo na rangi, ikiwa kama theluthi ya mchanganyiko. Inakaushwa, inasagwa, inatiwa rangi, inakuwa unga. Unga unawekwa kwenye kalibu ya moto wa nyuzi kama 150 hadi 165, unabanwa, na ndani ya dakika moja au mbili minyororo inajifunga pande zote. Kwa hiyo kalibu ya viti hupozwa, kalibu ya sahani huchemshwa.

Malengelenge yanatokana na unyevu. Selulosi inakunywa maji kidogokidogo kila sahani inapooshwa. Maikrowevu inachemsha yale maji ndani kwa ndani, mvuke hauna pa kutokea. Isitoshe, ikipata moto sana inaachia melamini na fomaldehidi kwenye chakula, hasa chakula chenye uchachu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inashauri chakula kisipashwe kwenye maikrowevu ndani ya vyombo hivyo. Kupakulia biriani sawa. Kuhifadhia mchuzi wa ukwaju unaotokota, hapana.

#19 Kijana_wa_Gongo
Melamini si ndiyo ile sumu ya maziwa ya watoto China 2008? Na tunakula humo?

#20 Mkemia_wa_Mtaa
Ni kemikali ileile ila hali tofauti. Theluthi mbili ya uzito wa melamini ni naitrojeni. Vipimo vya kawaida vya protini vinahesabu naitrojeni, kwa hiyo wahalifu walitia ule unga kwenye maziwa yaliyoongezwa maji ili yasomeke yana protini. Watoto waliinywa ikiwa huru, ikawaharibu figo. Kwenye sahani imefungwa kwenye resini.

Hatari ninayoiona mimi ni sahani za bei ya kutupa ambazo ndani ni yurea na fomaldehidi, juu zimepakwa tabaka jembamba la melamini. Yurea ni binamu yake lakini haivumilii maji ya moto kama yeye. Tabaka la juu likichunika, kiini kinalika. Bibi, sahani ikianza kupoteza mng'ao katikati na kushika manjano mpaka hayatoki, istaafishe.

#21 Bi_Sahani_Mombasa
Marahaba mwanangu, shukrani. Za manjano ninazo kumi na mbili, nitaziondoa.

#22 Fundi_Plagi
Mmefika kwangu sasa. Hiyo yurea ndiyo ilikuwa plagi nyeupe na vifuniko vya swichi vya zamani. Ile ya kahawia au nyeusi ni bakelaiti, nayo ya ukoo wa andazi.

Leo asubuhi nimeitwa nyumba moja Tabata, harufu ya kuungua. Plagi ya pini tatu, ya pasi. Mguu wa laivu, ule unaoleta umeme, umelegea kwenye soketi, unagusa na kuachia, umepata moto. Plagi ilikuwa ya plastiki ya kuyeyuka. Pini imezama upande kama mshumaa kwenye keki ya moto, bado kidogo igusane na mwenzake. Soketi yenyewe ni kuukuu, ya aina ya andazi ya Mkemia: imepata weusi tu, imesimama, pini zake hazijahama hata unywele. Hapo ndipo utajua kazi ya mchanganyiko. Mtu akinunua plagi anaangalia bei, mimi naikwaruza pembeni kwa ncha ya bisibisi. Ikitoa unyuzi laini unaojikunja, naiacha. Ikitoa vumbi, naichukua.

#23 Mkemia_wa_Mtaa
Kipimo kizuri cha mkono, ila usikitegemee peke yake. Siku hizi kuna plastiki za kuyeyuka zilizotiwa nyuzi za kioo na kizuia moto ambazo ni nzuri kwa umeme. Zinakwaruzika lakini zinapita majaribio.

#24 Mzee_wa_Garaji
Bakelaiti ni kitu cha heshima. Kifuniko cha distributa, mshikio wa sufuria, holda ya balbu, simu nyeusi za mezani za enzi zetu. Mjerumani alijua kazi, 1920 huko.

#25 Mtembezi_Bagamoyo
Mzee wangu, shikamoo, turekebishe kidogo. Aliyeigundua ni Leo Baekeland, mzaliwa wa Ghent, Ubelgiji, akifanya kazi Yonkers, New York. Aliomba hataza mwaka 1907 na akaipata 1909. Alikuwa anatafuta mbadala wa laki, ile gundi ya wadudu wa India iliyotumika kukinga nyaya za umeme.

Na hapo ndipo Pwani yetu inapoingia. Kabla ya resini za maabara, dunia ilikuwa inachimba resini ardhini. Sandarusi yetu ilikuwa inafukuliwa kwenye mchanga wa Mrima, inapita Bagamoyo na Zanzibar, inasafishwa na kupelekwa Salem, Massachusetts, kutengenezea vanishi. Ni utomvu wa msandarusi uliolala chini miaka na miaka mpaka ukawa mgumu kama kioo, wakati mwingine una mdudu ndani.

Pembe za ndovu nazo ziliondokea hukuhuku kwenda kuwa mipira ya biliadi na vibonyezo vya piano. Zilipokuwa ghali, John Wesley Hyatt wa Marekani akahangaika kutafuta mbadala, ndipo ikazaliwa seluloidi, miaka ya 1869 na 1870.

#26 Kijana_wa_Gongo
Mzee wa sandarusi ameanza, sasa tutafika kwa Sultani.

#27 Mcheza_Puli
Nyongeza kwa Mtembezi: seluloidi haikuwa mpira mzuri wa biliadi. Iliyoshinda ni resini ya fenoli, ukoo wa bakelaiti. Mipira mizuri ya puli unayoipiga baa leo ni ya fenoli, na inayosifika zaidi inatoka Ubelgiji, nchi ya huyohuyo Baekeland. Ile ya bei rahisi ni ya poliesta, inapata makovu upesi na inabadilika rangi.

#28 Mkemia_wa_Mtaa
Mzee wa Garaji, usivunjike moyo, nakupa mchanganyiko wenyewe wa bakelaiti: resini ya fenoli na fomaldehidi karibu nusu, unga wa mbao karibu nusu nyingine, heksamini ya kuifanya ijifunge, sabuni kidogo ya zinki au kalsiamu isigande kwenye kalibu, na rangi. Unga wa mbao, ndiyo, ule wa kwenye randa, uliosagwa laini. Resini peke yake ni tete, ukiiangusha inapasuka. Nyuzi za mbao ndizo zinazoushika ufa usikimbie. Kwa hiyo mnaposema "wanachanganya vitu" kana kwamba ni uhuni, kumbukeni bakelaiti ya heshima ni nusu vumbi la mbao.

Tahadhari moja. Baadhi ya zile za zamani za sehemu za moto mkali zilitiwa asbesto, nyuzi za mawe ambazo vumbi lake linaharibu mapafu, badala ya mbao. Usizipige msasa.

#29 Mzee_wa_Garaji
Marahaba vijana, nimewasikia. Hiyo ya asbesto sikuijua, na nimepiga msasa vifuniko vingi sana. Nitawaambia na vijana wangu garaji.

#30 Mkodishaji_Mbagala
Wakuu nashukuru kwa elimu ya sandarusi, ila mimi nina harusi Ijumaa na hivi vipya 118. Nipeni kipimo cha nyumbani.

#31 Opereta_wa_Zamani
Beseni la maji. Kata vipande vidogo, ukubwa wa ukucha, toka kila kiti. Tia tone la sabuni ya maji ili viputo vya hewa visivishike, vizamishe kwa kidole, halafu achia.

Polipropilini tupu inaelea. Polithini inaelea. Nimepiga hesabu: kalsiamu kaboneti ikifika kama asilimia 14 au 15 ya uzito, kipande kinalingana na maji, ikizidi hapo kinazama. Kinachozama kina mzigo, kinachoelea kina chokaa chini ya hapo au hakina kabisa.

#32 Mkemia_wa_Mtaa
Sahihi, ila talki, unga mwingine wa jiwe, nayo ina uzito karibu na wa chokaa, na kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu kinga ya jua wala kuhusu plastiki iliyorudiwa. Kipande kinaweza kuelea na bado kiti kikamwangusha mtu.

#33 Mkodishaji_Mbagala
Nimefanya jioni hii, mke wangu shahidi, beseni la kufulia.

Cha 2009: vipande vinne vimeelea.
Cha bluu, kile kilichomwangusha mzee: vinne vimeelea.
Cha kijani: viwili vimezama kama jiwe, viwili vimeelea.

Nimerudia mara tatu. Kilichomwangusha mzee hakina chokaa ya kuzamisha, na kijani ambacho hakijamwangusha mtu ndicho kimezama.

#34 Mkemia_wa_Mtaa
Kwa hiyo bluu ni jua, nilisema.

#35 Nakuru_Boy
Ama ni ya kurudiwa. Zote zinaelea, boss.

#36 Opereta_wa_Zamani
Ama ni uvungu kwenye mguu. Mkodishaji, ule mguu uliokatika, katikati pana tundu?

#37 Mkodishaji_Mbagala
Pana tundu dogo, kichwa cha njiti ya kiberiti kinaingia. Pembeni yake kuna doa jeusi. Na upande uliokuwa unaelekea juani ndio wenye unga.

#38 Fundi_Mizani
Yaani kila mtu kapata chake.

Hebu tuambie, vile viwili vya kijani vilivyozama umevikata wapi?

#39 Mkodishaji_Mbagala
Miguuni. Vilivyoelea ni vya mgongoni. Kiti kimoja hichohicho.

#40 Opereta_wa_Zamani
Hiyo sijawahi kuiona. Uji ni mmoja, unaingia kwa mlango mmoja. Ama punje za chokaa hazikuchanganyika kabla ya kuingia, ama mgongo una viputo vya hewa. Kata tena vya mgongoni, vyembamba kama karatasi, vitazame kwenye mwanga wa tochi kabla hujavitia majini. Na kata vya kwenye mikono pia.

#41 Mkodishaji_Mbagala
Nakata sasa hivi, kisu napasha.